Kirungu chenye taji kwenye makumbusho ya polisi: ni silaha, kitambulisho, au kitu kingine?

#1 Kabati la Kioo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita nilikaa saa mbili nzima ndani ya jumba dogo la makumbusho ya historia ya polisi, yale ya vyumba viwili ambayo mtunzaji wake ndiye huyo huyo anayekata tiketi, na ambayo nusu ya vitu vyake vimetoka kwenye madroo ya wastaafu. Katika kabati la pili kuna kirungu cha mbao, urefu wake ni dhiraa moja kasoro kidogo, kimepakwa rangi nyeusi, na juu yake limechorwa taji jekundu lenye kingo za dhahabu. Chini ya taji kuna herufi W na R, na kati yake namba ya Kirumi IV. Lebo yake ni fupi sana: "Silaha ya askari, London, 1829."

Dai langu ni kwamba neno la kwanza la lebo hiyo si sahihi. Mtu hapaki dhahabu kitu anachokusudia kumpigia mwenzake kichwani. Ninaamini kilikuwa kitambulisho, yaani ishara ya kwamba aliyekishika anafanya kazi kwa mamlaka ya mfalme, na kwamba makumbusho mengi yanaandika "silaha" kwa mazoea tu. Anayeona vinginevyo atoe hoja.

#2 Mzee wa Zamu

Nimevaa sare kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ninakupinga moja kwa moja. Kirungu ni kirungu. Bunduki ngapi za kale zimepambwa kwa fedha na pembe za ndovu, nazo ziliua? Urembo wa kitu haubatilishi kazi yake.

#3 Binti Nyaraka

Mzee wa Zamu, shikamoo. Kabla hatujafika kwenye neno la kwanza la lebo, naomba tuanze na la mwisho, kwa sababu huo mwaka hauwezi kuwa sahihi.

Polisi wa jiji la London walioanzishwa na Robert Peel, waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, waliingia mitaani kwa mara ya kwanza tarehe 29 Septemba 1829. Mfalme wakati huo alikuwa George wa Nne, aliyefariki Juni 1830, na herufi zake zilikuwa G na R (hiyo R ni ya neno la Kilatini la mfalme au malkia). Herufi W na R pamoja na IV ni za William wa Nne, aliyetawala kuanzia 1830 hadi alipofariki Juni 1837. Kwa hiyo kirungu hicho, angalau rangi yake, ni cha miaka hiyo saba. Aliyeandika 1829 alijua mwaka ambao polisi walianza, akaubandika.

#4 Kabati la Kioo

Asante, Binti. Nilizitazama herufi hizo kwa dakika kumi bila kuzihesabia mfalme wake. Lebo sasa imebakiwa na neno "London" pekee.

#5 Mzee wa Zamu

Marahaba, Binti Nyaraka. Kwenye mwaka nimekubali, kwenye silaha bado.

#6 Fundi Mbao

Hata "London" nalo lina mashaka, lakini hilo nawaachia wanahistoria. Mimi nazungumzia mti.

Virungu vingi vya kale vya aina hii vilikerezwa kwa mbao nzito sana, na mojawapo ni mti wa Karibi uitwao lignum vitae, ambao ni mzito kiasi cha kuzama majini kama mpingo wetu unavyozama. Anayetaka kitambulisho tu hahangaiki kuagiza mbao ngumu namna hiyo kutoka ng'ambo na kumtoa jasho fundi wa kerezo. Angetumia mti wowote mwepesi akaupaka rangi. Hapo naungana na Mzee. Ila kuna jambo linaloweza kutusaidia zaidi ya mabishano. Mwanzisha uzi, ulipokitazama, je, mabonyeo yalikuwa juu ya rangi au chini yake? Bonyeo lililopasua rangi maana yake kilipigwa baada ya kupakwa. Rangi iliyojaa ndani ya bonyeo maana yake kilitumika kwanza, kikapambwa baadaye. Hilo la pili likithibitika, basi urembo huo unaweza kuwa zawadi ya kustaafu au kumbukumbu ya ukutani, na mjadala wote wa kitambulisho unaanguka.

#7 Kabati la Kioo

Kioo cha kabati kilikuwa na vumbi na taa iko juu, hivyo siwezi kuapa. Nitarudi.

#8 Msomaji wa Usiku

Nina swali kwa wanaosema ni kitambulisho. Polisi wale wa 1829 walivaa koti la buluu, ambalo lilichaguliwa makusudi ili wasifanane na wanajeshi waliovaa nyekundu, pamoja na kofia ndefu, na namba ya askari ilikuwa kwenye ukosi. Mtu mzima aliyevaa hivyo barabarani anahitaji kirungu chenye taji ili ajulikane kuwa ni nani? Tena kirungu chenyewe kilifichwa ndani ya mfuko mrefu kwenye mkia wa koti. Kitambulisho kinachofichwa kinamtambulisha nani?

#9 Kabati la Kioo

Hata kadi ya utambulisho ya leo hukaa mfukoni, mkuu. Haining'inizwi shingoni saa zote. Inatolewa pale inapohitajika. Vivyo hivyo, askari alichomoa kirungu wakati wa kumkamata mtu, na taji likaonekana wakati ule ule ambao mkamatwaji alihitaji kuliona.

#10 Mzee wa Zamu

Ndugu yangu, mtu anayechomolewa kirungu hasomi herufi.

#11 Binti Nyaraka

Swali la Msomaji wa Usiku ni zuri kuliko jibu lililotolewa, na nadhani linatupeleka mahali pengine kabisa. Sote tunachukulia kwamba kirungu hiki kilishikwa na polisi mwenye sare. Kwa nini?

Kabla ya 1829, na kwa miaka mingi baadaye katika miji ambayo haikuwa na polisi wa kudumu, ulinzi ulikuwa mikononi mwa makonstebo wa parokia, watu wa kawaida wenye duka au karakana, waliotumikia kwa zamu na hawakuwa na sare hata kidogo. Hao ndio waliohitaji fimbo yenye alama ya mfalme, kwa kuwa bila hiyo walikuwa majirani tu wanaomshika jirani mwenzao. Zilikuwepo pia fimbo fupi za mamlaka zenye taji la shaba kichwani, na nyingine zilikuwa na uwazi ndani ambamo hati iliweza kukunjwa na kuwekwa. Hizo hazikuwa za kupigia. Taji lingepinda siku ya kwanza.

Zaidi ya hapo, mwaka 1831, ndani ya utawala wa huyo huyo William wa Nne, ilipitishwa sheria ya makonstebo maalumu iliyowawezesha mahakimu kuwaapisha raia pale ghasia zilipotarajiwa. Ulikuwa mwaka wa machafuko ya madai ya mageuzi ya uchaguzi, na Bristol iliungua kwa siku tatu. Raia walioapishwa walipewa kirungu, pengine na kitambaa cha mkononi, kisha wakaingia mtaani na nguo zao za nyumbani. Kirungu chenye herufi za W na R kinawaelekea hao sawasawa na kinavyomwelekea polisi wa London, na huenda hakijawahi kushikwa na polisi hata siku moja.

#12 Fundi Mbao

Kwa hiyo makumbusho ya polisi yameweka kabatini kirungu cha muuza mishumaa. Safi sana.

#13 Jirani wa Kituo

Hodi humu. Muuza mishumaa si kitu. Mwaka 1848, wafuasi wa harakati ya Chartist, waliodai haki ya kura kwa wanaume wote, walipokusanyika Kennington, London, maelfu kwa maelfu ya raia waliapishwa kuwa makonstebo maalumu, na mmojawapo alikuwa Louis-Napoleon, aliyekuwa uhamishoni huko. Miaka michache baadaye alikuwa mfalme wa Ufaransa kwa jina la Napoleon wa Tatu. Ila cha mwaka huo kingekuwa na herufi V na R za Victoria, kwa hiyo mwanzisha uzi asianze kuota.

#14 Kabati la Kioo

Nilikuwa nimeshaanza.

Nikiunganisha aliyosema Binti, naona dai langu limepata nguvu mpya: kwa asiye na sare, kirungu ndicho sare. Hata mapambo yalivyopungua baadaye yanaelekea huko. Kadiri sare ya polisi ilivyozoeleka machoni pa watu, ndivyo rangi na mataji yalivyotoweka kwenye virungu, hadi mwishoni mwa karne ya 19 vikabaki mbao tupu.

#15 Msomaji wa Usiku

Au vilibaki mbao tupu kwa sababu rangi ni gharama na askari walikuwa wameongezeka. Mhasibu naye ana nafasi yake katika historia.

#16 Mzee wa Zamu

Hapo kwa mhasibu nimecheka peke yangu.

Naomba niwape kisa changu, kwa kuwa kinahusu lebo. Nilipostaafu nilipeleka vitu vitatu kwenye makumbusho fulani ya polisi ambayo sitayataja: filimbi, kirungu na pingu za zamani nilizorithi kwa mkubwa wangu wa kazi. Kirungu changu kilikuwa cha mbao tupu, kama sentimita 38, na kilikaa kwenye mfuko mwembamba ulioshonwa ndani ya suruali, pajani kulia, kiasi kwamba ukikaa vibaya kwenye kiti kinakukumbusha. Kwa miaka yote hiyo nilikitumia mara nyingi zaidi kugongea milango usiku na kuvunjia kioo cha gari kumtoa dereva aliyenaswa kuliko kumpigia mtu. Nilieleza hayo yote nikaandikiwa risiti. Miaka mitatu baadaye nilimpeleka mjukuu wangu akavione. Lebo ilisema: "Kirungu kilichotumika kuzima ghasia." Ghasia gani? Mjukuu akaniangalia kwa heshima mpya ambayo sikuistahili, na nikanyamaza.

Kwa hiyo sijabadili msimamo kwamba ni silaha, ila nakiri kuwa lebo huandikwa na mtu ambaye hakuwepo.

#17 Jirani wa Kituo

Mzee, kwa maelezo yako mwenyewe kirungu chako kilikuwa cha kubishia hodi. Umeleta maelezo ya tatu bila kukusudia.

#18 Fundi Mbao

Tena ya kugonga si utani. Katika miji ya Marekani karne ya 19, kabla ya redio, askari wa doria ya usiku aligonga kirungu chake kwenye jiwe la barabara ili mwenzake wa mtaa wa pili asikie na aje. Mbao ngumu kwenye jiwe, usiku wa manane, husikika mbali. Hiyo ndiyo inaweza kuwa sababu ya kuchagua mti mzito: mti laini hautoi mlio, unatoa kishindo cha gunia. Naona nimejipinga mwenyewe kwenye #6. Sijali.

#19 Kabati la Kioo

Basi niulize kuhusu kitu kilicho kando yake kabatini. Ni kama kayamba la mbao lenye mpini, na lebo yake inasema "Chombo cha kutawanya umati." Ukubwa wake ni wa kiganja na nusu.

#20 Binti Nyaraka

Si kayamba, kwa kuwa kayamba hutikiswa na ndani yake mna punje. Hicho huzungushwa: kuna gurudumu la meno kwenye mpini na ulimi wa mbao unaoruka jino kwa jino, na kila jino linatoa mlio mkavu. Walinzi wa usiku walikitumia kabla ya polisi kuwepo, na polisi wa London wakakirithi. Hakikutawanya umati, kiliuita. Lebo imegeuza maana juu chini.

Kiliachwa katikati ya miaka ya 1880, pale filimbi za kampuni ya Joseph Hudson wa Birmingham zilipokubaliwa na polisi wa London. Inasimuliwa kwamba Hudson aliangusha fidla yake, nyuzi zikakatika kwa mlio mkali, naye akapata wazo la sauti ya filimbi. Ni hadithi tamu ya kiwandani, na mimi huipokea kama ninavyopokea hadithi zote tamu za kiwandani.

#21 Jirani wa Kituo

Ile filimbi yenye kipunje ndani, ya marefa?

#22 Mzee wa Zamu

Hapana, na hapa nina haki ya kusema kwa sababu niliipuliza. Ya polisi ni mrija mwembamba wa shaba uliopakwa nikeli, hauna punje, na ndani umegawanywa ili utoe sauti mbili zinazokaribiana. Ndipo unapata ule mlio unaokwaruza sikio. Yenye punje, ya tumbo la konokono, ni ndugu yake kutoka kiwanda hicho hicho, nayo ndiyo iliyokwenda viwanjani. Ubora wa filimbi kwa askari haukuwa umbali pekee. Kile cha mbao kinataka mkono mzima na nafasi ya kukizungusha, na kinakaa mfukoni kama tofali; filimbi unaiuma kwa meno huku mikono yote miwili imemshika mtu.

#23 Msomaji wa Usiku

Naona kila kitu katika kabati hilo kilikuwa cha kupiga kelele. Je, pingu nazo zililia?

#24 Fundi Mbao

Za kale zilimliza askari. Pingu za Kiingereza za umbo la herufi D zilikuwa za kipimo kimoja, hazibani wala hazilegei, na ufunguo wake ni wa kuzungusha kama skrubu. Mwenye mkono mwembamba anachomoka, mwenye mkono mnene haingii. Zenye meno ya kurekebisha zilipata hataza Marekani mwaka 1862, kazi ya W. V. Adams. Mwanzisha uzi, angalia kama zipo na kama ufunguo upo. Ufunguo husema mengi kuliko pingu.

#25 Kabati la Kioo

Zipo, bila ufunguo. Na ukutani kuna meza ya alama za vidole, yenye bamba la wino na rola, ambayo lebo yake inamtaja Edward Henry kuwa "mvumbuzi wa alama za vidole". Hiyo je?

#26 Binti Nyaraka

Hiyo ni mbaya kuliko ya kirungu. Henry Faulds aliandika juu ya kutumia alama za vidole kutambua wahalifu mwaka 1880. Juan Vucetich, huko Ajentina, alikuwa na mfumo wake, na mwaka 1892 alama ya kidole yenye damu ilitumika huko kumtia hatiani mama aliyewaua watoto wake. Mfumo unaoitwa wa Henry ulikamilishwa Bengal, India, na waliofanya hesabu zake walikuwa maofisa wawili wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Haque ndiye aliyetengeneza mpango wa visanduku 1,024, yaani 32 mara 32, ili kadi moja ipatikane bila kupekua zote. Ofisi ya Kalkuta ilifunguliwa 1897, ya London 1901. Henry alikuwa mkubwa wao wa kazi, na lebo, kama kawaida yake, imemwandika mkubwa.

#27 Mzee wa Zamu

Hilo tunalijua wote tuliofanya kazi chini ya wakubwa.

#28 Kabati la Kioo

Nimerudi leo asubuhi. Mtunzaji ni mtu mwema. Alipoona nimekuja na tochi na kioo cha kukuzia alifungua kabati mwenyewe na kunipa glavu.

Niliyoyaona ni haya. Kichwa cha kirungu, penye taji, hakina bonyeo lolote la maana, ila rangi ya dhahabu imelika upande mmoja kana kwamba kilikuwa kikisuguana na kitambaa. Kitako, yaani mwisho wa mshikio, kina mabonyeo madogo madogo mengi, na baadhi yamepasua rangi nyeusi hadi mbao inaonekana. Mshikio una mifereji ya kuzunguka ili usiteleze, na kuna tundu la kamba ya ngozi ingawa kamba haipo. Juu kidogo ya mifereji imegongwa namba 43, na rangi imeingia ndani ya tarakimu.

#29 Fundi Mbao

Rangi imeingia kwenye namba: basi namba iligongwa kabla ya kupakwa, na kirungu kiliandaliwa pamoja na vingine visivyopungua 42. Si zawadi ya kustaafu. Nafuta niliyosema kwenye #6 kuhusu ukuta. Na mabonyeo ya kitako ni ya kugonga, ama mlango, ama jiwe.

#30 Msomaji wa Usiku

Au ya kuangushwa kitako chini kwenye sanduku pamoja na wenzake 42 kwa miaka mia moja. Vitu vya makumbusho havikuzaliwa kabatini.

#31 Binti Nyaraka

Namba 43 haitupi jibu la nani alikishika, kwa sababu kikosi kilihesabu vifaa vyake na mahakimu nao walihesabu vya makonstebo maalumu ili virudishwe. Lakini kulika kwa dhahabu upande mmoja kunanivutia. Makonstebo maalumu walishika vyao siku chache. Dhahabu haisuguliki hivyo kwa siku chache. Hiyo ni kazi ya mfuko wa koti, kila usiku, kwa muda mrefu.

#32 Mzee wa Zamu

Na taji lililokaa mfukoni kila usiku halikuonekana na mtu. Nashukuru, Binti, umenirudishia silaha yangu.

#33 Kabati la Kioo

Na kichwa kisicho na bonyeo kimempiga nani, Mzee?

#34 Mzee wa Zamu

Kichwa cha binadamu hakiachi bonyeo kwenye mti wa namna hiyo, kijana. Kinyume chake ndicho huwa.

#35 Jirani wa Kituo

Mtunzaji alisemaje kuhusu lebo?

#36 Kabati la Kioo

Alikubali kufuta mwaka palepale, akaandika "kati ya 1830 na 1837" kwa kalamu ya risasi. Kuhusu neno la kwanza aliniambia nimletee lingine na ataliandika, ilimradi liwe moja, kwa kuwa kadi ni ndogo. Mpaka sasa humu nina silaha, kitambulisho, king'ora na kibisha hodi.

#37 Fundi Mbao

Usimpelekee neno kabla ya kulichungulia lile tundu la kamba. Kama kingo zake za ndani zimelainika upande mmoja, kilining'inizwa mkononi kwa miaka, na ya mfuko wa koti itabidi tuizungumze upya. Nenda na kijiti chembamba, usiingize chuma.

#38 Kabati la Kioo

Jumamosi wanafungua saa nne. Nitakuwepo mlangoni.